Wasomaji wa Daraja la Chini

Machi 2, Jumatatu

Nimenunua daftari hili kwa sababu kwenye blogu naandika kwa ajili ya watu, na ukiandika kwa ajili ya watu huachi kutia chumvi. Humu nataka niyaseme mambo yalivyo.

Leo mwenzangu amehamishwa. Tumekaa kituoni hapa miaka sita, yeye chumba cha upande wa barabara, mimi cha upande wa mto, jiko moja, baraza moja, na ugomvi mmoja usiokwisha kuhusu nani kamaliza sukari. Ofisi ya maji imesema siku hizi mtu mmoja anatosha. Alifunga chumba chake, akanipa ufunguo, akasema, "Usije ukalala kitanda changu." Nikamjibu, hata nikilipwa. Gari lilipoondoka nikabaki nimesimama barabarani na ufunguo mkononi.

Kazi yenyewe si ngumu. Daraja la chini ni jembamba na limelala karibu sana na maji. Pembeni yake pana nguzo ya vipimo, nami naisoma mara tatu kwa siku: saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Maji yakifika alama ya sentimita 60 yanaanza kupita juu ya daraja, na hapo nateremsha kizuizi. Kisha nampigia simu msimamizi, namtajia namba, anasema "sawa," anakata. Hayo ndiyo mazungumzo yangu na ofisi.

Leo 18. Mvua bado.

Machi 3

18. Nimebishana na redio.

Machi 5, Alhamisi

Blogu nilifunguliwa na mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, anayetengeneza tovuti mjini. Ilikuwa msimu wa mvua wa mwaka jana, ili watu wajue hali ya daraja kabla hawajatoka nyumbani. Anwani yake nimeiandika kwa rangi nyeupe kwenye kizuizi. Watu sabini na watatu wamejiandikisha. Nikiandika kitu, simu zao zinalia, kichwa cha habari kinatokea. Mtu akitaka kujua kilichomo anabonyeza, ukurasa unafunguka, na kwangu namba ya wasomaji inapanda.

Hiyo namba. Sijamwambia mtu, lakini kila jioni nikimaliza kupima naketi kitandani naitazama. Watu arobaini ni watu arobaini. Sijawahi kusikilizwa na watu arobaini kwa pamoja, hata siku ya harusi yangu, na bibi harusi mwenyewe alishaolewa kwingine na ana raha zake.

Leo niliandika kichwa hiki: "Hutaamini kilichopita chini ya daraja asubuhi hii." Kilikuwa kiti cha plastiki. Chekundu, kinaelea wima kama kuna mtu amekikalia. Nikakiandikia aya nne, na mwisho kabisa nikasema maji yapo 31, daraja linapitika. Wasomaji: 58. Haijawahi kutokea.

Mchana dereva wa gari la maziwa akasimamisha gari. "Mzee Kina," akaita, maana ndilo jina walilonipa, "yaani nimemaliza bando langu kwa ajili ya kiti?"

"Kilikuwa kiti kizuri."

"Kama kizuri si ungekivua tukikalie!"

Alicheka mpaka akapaliwa. Akanywa chai kikombe kizima, akaondoka. Nimeshinda na furaha siku nzima.

Machi 8, Jumapili

Mpwa wangu kapiga.

"Shikamoo, Mjomba. Nimeuangalia mlisho wa blogu yako."

"Marahaba. Mlisho ndio nini tena?"

"Ni kile kinachokwenda chenyewe kwenye simu ya aliyejiandikisha. Kinabeba kichwa cha habari, na chini yake kinaweza kubeba maneno. Wa kwako umebeba kichwa peke yake. Mimi niliupanga upeleke na muhtasari. Nani kabadilisha?"

"Labda mvua."

"Mvua imeingia kwenye mipangilio?" Akaendelea kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi, maana ni wa mama yake mtupu. "Mjomba, mtu wa huko anataka kujua jambo moja: napita au sipiti? Mpe jibu palepale, akiwa bado kitandani, ajue avae viatu au ajifunike tena. Wengine mtandao wao hautoshi kufungua ukurasa. Nikubadilishie?"

"Acha, nitajifunza mwenyewe."

Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyebadilisha, Desemba. Kulikuwa na mambo matatu ya kuchagua: makala nzima, muhtasari, kichwa tu. Muhtasari ulipokuwa unakwenda, wasomaji walikuwa wanane, tisa. Siku nilipochagua "kichwa tu" wakawa thelathini. Nilijiona mjanja kweli.

Machi 9

27. Mawingu. Wasomaji 36.

Machi 11, Jumatano

Mvua imeanza, na imeanza kwa fujo. Alfajiri nimekuta 74, nikateremsha kizuizi. Nikaandika: "Mto umeamka vibaya." Wasomaji 49, lakini wengine hawakufungua, wakaja wenyewe mpaka darajani: dereva wa maziwa, mafundi ujenzi wawili na mifuko yao ya zana, mama mmoja anayeuza mitumba, na muuguzi wa zahanati ya ng'ambo na pikipiki yake, kisanduku cha chanjo kimefungwa nyuma. Wote wakakwama mpaka saa sita.

Hapa tuna desturi yetu, tuliianza mimi na mwenzangu. Aliyekwama hakai mvuani. Anaingia barazani, anapewa chai. Nina vikombe sita vya bati na chupa kubwa ya chai. Leo vyote sita vilikuwa na kazi. Fundi mmoja alisimulia jinsi alivyojenga choo kikakosa mlango, mama wa mitumba akacheka mpaka akaomba kitambaa afute macho. Niliwaza, yasishuke haraka haya maji.

Muuguzi peke yake hakuketi. Alikuwa anachungulia nguzo kila baada ya dakika mbili.

"Mzee wangu," akasema, "hivi kwa nini usiandike kina pale juu, kwenye kichwa? Mimi kwangu ukurasa haufunguki, unazunguka tu. Ningejua, ningeshika njia ya daraja la juu."

Daraja la juu liko mbali, kilomita ishirini na mbili za kuzunguka. Lakini halifunikwi na maji hata siku moja.

"Una haki, mwanangu," nikamwambia. "Kuanzia kesho."

Machi 12

66, limefungwa. Kichwa: "Mgeni bado hajaondoka." Wasomaji 52. Barazani watu wanne.

Machi 13

41. Limefunguliwa. Nilitaka kuweka kina kwenye kichwa, nikaandika "Daraja liko wazi, maji 41," nikaitazama ile sentensi. Haina mtu ndani. Nani atafungua ukurasa wakati keshajua yote? Nikaifuta, nikaandika "Pumzi kidogo." Wasomaji 44.

Machi 17

35. Nimeingia chumba cha mwenzangu kufagia. Nimekaa kidogo kwenye kitanda chake. Kinazama katikati.

Machi 21

57, linapitika kwa shida. Wasomaji 61! Kichwa kilikuwa "Leo nimeogopa." Nilikuwa nimeogopa chura ndani ya kiatu.

Machi 24, Jumanne

Niandike leo leo, kesho nitajipunguzia.

Mvua ilipiga tangu jana jioni bila kupumua. Saa kumi na moja na nusu nilikuta 112. Nikateremsha kizuizi, nikarudi ndani, nikaandika kwenye blogu. Kichwa: "Nimeamka na mgeni asiyepiga hodi." Chini yake nilieleza vizuri sana, nilisema limefungwa, nilisema watu wapite juu, nilitaja mpaka saa ya kupima. Yote yalikuwemo ndani ya ukurasa. Nikatuma, nikaiacha simu jikoni, nikatoka na bendera nyekundu.

Kwenye saa kumi na mbili na robo nikaona taa ya pikipiki inakuja kwenye mvua. Na ni kwa ajili ya mambo kama haya nilinunua daftari hili, kwa hiyo naandika: nilifurahi. Niliona taa moja inakuja na moyo wangu ukasema, huyo, leo nina mtu. Nikakimbia ndani kubandika maji. Nikatoa kikombe.

Alikuwa muuguzi. Alisimama kwenye kizuizi, hakuzima injini, akaangalia maji yanavyopita juu ya daraja. Kisha akanigeukia. Kofia ya pikipiki ilikuwa inachuruzika maji.

"Limefungwa tangu saa ngapi?"

"Kumi na moja na nusu."

"Nimekupigia simu mara mbili pale njia panda ya kwenda daraja la juu."

"Simu iko jikoni. Lakini nimeandika, mbona? Nimeandika kila kitu."

Akatoa simu yake kwenye mfuko wa nailoni, akanionyesha. Kichwa changu cha habari kilikuwa pale kwenye kioo, na chini yake duara linazunguka, linazunguka.

"Kuna mama ng'ambo anajifungua," akasema. "Anatoka damu. Yule mkunga aliye naye ni mwanafunzi, dawa ya kuzuia damu ninayo mimi humu. Nimefika njia panda, nikasoma hiki. Mgeni asiyepiga hodi. Nikasema, labda ni chura tena, kama yule niliyesimuliwa na watu."

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana. Aligeuza pikipiki kwenye tope, tairi la nyuma likateleza, nikamshikia. Kurudi njia panda ni kilomita nne, kisha ishirini na mbili za juu, kwenye mvua ile. Nikasimama na bendera yangu mpaka taa yake ikapotea.

Nilipoingia ndani maji ya chai yalikuwa yamekauka na sufuria imeungua.

Ningejifanya sikujua, ningeweza. Ningesema mtandao. Msimamizi ndivyo alivyosema nilipompigia: "Mtandao huo, bwana, wewe umefanya kazi yako." Lakini nilishaambiwa na watu wawili, kwa maneno ya kueleweka, na kwa wote wawili nikaitikia ndiyo. Sikuyaacha yale maneno ndani ya ukurasa kwa kusahau. Niliyaacha ili watu waje kuyachukua.

Wasomaji leo: 64. Ndiyo kubwa kuliko zote. Nimeitazama mara moja, nikaigeuza simu kifudifudi.

Machi 25

98. Limefungwa. Hakuna habari. Nimempigia muuguzi mara tatu, hapokei.

Machi 26

90. Hapokei.

Machi 28, Jumamosi

52. Nimefungua asubuhi, na wa kwanza kupita akawa muuguzi, anatoka ng'ambo. Macho yake yamevimba kwa kukosa usingizi. Nikasimama katikati ya barabara kama polisi, ikabidi asimame.

"Mtoto mzima," akasema kabla sijauliza. "Wa kiume. Mama yuko hospitali kubwa, kaongezewa damu. Bado hatujui."

"Ulichelewa kiasi gani?"

"Mzee wangu, usiniulize hivyo."

"Niambie."

"Saa moja na dakika ishirini." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Mimi sijui dakika ngapi ni za mvua, ngapi ni za kwako. Sijazigawa."

Nikamwambia kuhusu ile mipangilio. Nilimwambia yote, mpaka namba ya jioni, mpaka kikombe. Sijui nilitegemea nini. Alinisikiliza amekaa juu ya pikipiki, kisha akasema, "Kumbe ulikuwa unatuita," akawasha, akaenda zake.

Machi 29, Jumapili

Nimempigia mimi mpwa wangu, sikungoja anipigie yeye. Nikamwambia mimi ndiye mvua iliyoingia kwenye mipangilio.

"Kwa nini, Mjomba?"

"Nilitaka watu."

"Mbona hukuniambia? Mimi si mtu?"

Tukafanya kazi. Alinipeleka hatua kwa hatua kwenye simu mpaka nikarudisha muhtasari, kisha akanifundisha jinsi ya kuandika. Kichwa kiseme daraja liko wazi au limefungwa, kiseme kina na saa niliyopima. Si saa niliyotuma: niliyopima, kwa sababu wengine simu zao zinapokea kwa kuchelewa. Mistari miwili ya chini iseme maji yanapanda au yanashuka, njia gani ipitwe, na lini nitapima tena. Basi. Mtu asihitaji kubonyeza kitu.

"Na visa vyangu je? Kiti?"

"Kiti kiweke ndani, kwa anayetaka kuingia. Lakini mlangoni weka jibu."

Nimetuma wa kwanza: "Daraja la chini WAZI, maji 49, saa 12 jioni." Chini yake: "Yanashuka polepole. Magari yote yanapita. Nitapima tena saa 11 na nusu alfajiri." Ni maandishi makavu kuliko yote niliyowahi kuandika. Wasomaji: 7.

Machi 31

44. Wazi. Wasomaji 5.

Aprili 3, Ijumaa

Nimekosea tena, safari hii kwa ujinga tu. Alfajiri nilituma "WAZI, maji 56." Saa mbili yakapanda ghafla mpaka 70. Nikafunga, nikaenda kwenye ile habari ya alfajiri, nikafuta WAZI nikaandika LIMEFUNGWA, nikaridhika. Saa tatu dereva wa maziwa huyu hapa, na mapipa yake.

"Mzee Kina, kwangu inasema wazi!"

Kumbe ukirekebisha habari ya zamani, aliyekwisha kuipokea haoni kitu, simu yake hailii mara ya pili. Mpwa wangu anasema hali ikibadilika nitume habari mpya, kila mara, hata mara kumi kwa siku. Nimeiandika ukutani kwa chaki juu ya jiko.

Dereva alikaa barazani kwa muda wa saa mbili. Nilimpa chai, nikamwomba radhi, naye akasema, "Ah, maziwa yaliyoganda nayo yana wanunuzi wake." Tulizungumza vizuri. Nilipoona nazidi kufurahia nikasimama nikaenda kuosha vikombe.

Aprili 6

81. Limefungwa. Nimetuma mara nne leo. Barazani mtu mmoja, fundi asiye na simu. Wasomaji 3.

Aprili 8

77. Barazani hakuna.

Aprili 12, Jumapili

Mpwa wangu anasema waliojiandikisha wamefika mia moja na arobaini. "Wanaambiana, Mjomba! Siku hizi habari yako inasomwa njia panda kwa sauti." Lakini mlishoni wakishasoma hawafungui, na wasipofungua mimi siwaoni. Nilimwuliza kama kuna namna ya kuwaona. Akasema hakuna, nani kasoma mlisho na nani hajasoma haijulikani.

"Kwa hiyo naongea gizani."

"Unaongea, na wanasikia. Wewe tu ndiye huwasikii."

Ananipenda, najua. Lakini akikata simu nyumba inakuwa kimya kuliko kabla hajapiga.

Aprili 14, Jumanne

Nimejaribiwa. Maji 88, limefungwa, mvua ya siku ya pili, na tangu juzi sijasikia sauti ya mtu isipokuwa "sawa" ya msimamizi. Nikaandika kichwa: "Kuna kitu nimekiona leo." Sikuwa nimeona kitu. Kidole kikakaa juu ya kitufe. Nilijiambia, mara moja tu, kina kitakuwemo ndani, atakayetaka atafungua, na atakayekuja nitamkaribisha. Nilikuwa nimeshabandika maji.

Kisha nikakumbuka lile duara linazunguka kwenye kioo cha simu iliyolowa.

Nimefuta. Nimetuma: "LIMEFUNGWA, maji 88, saa 6 mchana. Yanapanda. Pita daraja la juu." Chai nimeinywa mwenyewe, vikombe viwili, na cha pili kilikuwa kimepoa.

Aprili 15

Goti linauma.

Aprili 19, Jumapili

50. Limefunguliwa. Dereva wa maziwa amepita bila kusimama, amenipungia mkono tu. Hana sababu ya kusimama, anajua kila kitu. Zamani nilimwona mtu mpiga porojo anayekuja kumaliza sukari yangu. Leo nimesimama barabarani nikitazama gari lake mpaka kwenye kona.

Muuguzi naye kapita, saa kumi. Yeye alisimama. Alishusha miwani ya pikipiki, akasema, "Shikamoo, mzee wangu. Yule mama ametoka hospitali jana. Hawezi kubeba ndoo bado, lakini anatembea." Nikaitikia marahaba, nikaanza kufuta tope kwenye taa ya pikipiki yake. Akaniona. "Ile ya saa kumi na moja na nusu," akasema, "mimi naisoma kabla sijavua chandarua. Usichelewe nayo." Akaondoka.

Nimelia baada ya kufunga mlango. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane, nalia kwa sababu mgonjwa anatembea.

Aprili 22

61. Limefungwa saa tano, limefunguliwa saa tisa. Habari tano. Wasomaji 2.

Aprili 28, Jumanne

Msimamizi amepiga jana jioni, yeye mwenyewe, na alisema sentensi nzima: huko juu mvua haijawahi kuwa hivi, nijiandae. Nilipima kila saa mpaka nikasinzia kwenye kiti. Alfajiri maji yalikuwa 141. Alama ya mwisho kwenye nguzo ni 150.

Saa kumi na moja na nusu nimetuma: "LIMEFUNGWA, maji 141, saa 11 na nusu. Yanapanda kwa kasi. Usije kabisa darajani. Daraja la juu linapitika, nimeuliza. Nitapima kila saa."

Kisha nikafanya kama siku zote za mafuriko. Nikapika chai chupa nzima, maana kwa maji kama haya lazima watakwama wengi. Nikapanga vikombe sita barazani. Nikavaa koti la mvua, nikachukua bendera, nikaenda kusimama kwenye kizuizi.

Saa kumi na mbili, hakuna mtu. Saa kumi na mbili na nusu, hakuna. Huu ndio wakati wa gari la maziwa, huu ndio wakati wa mafundi. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona, mvua peke yake inaipiga. Saa moja nikaanza kuingiwa na hofu. Nikawaza, kumetokea nini huko, mbona watu wote? Nikawaza kuhusu muuguzi, na pikipiki, na lile tope. Nikarudi ndani mbio kwa goti bovu, nikampigia.

Akapokea mara moja. Nyuma yake kulikuwa na watoto wanalia.

"Uko wapi?"

"Zahanati, mzee wangu. Nimefika saa moja kasoro. Leo si siku ya chanjo?"

"Umepitaje?"

"Nimepita juu! Si umesema nipite juu?" Akacheka. "Tulikuwa msafara mzima. Gari la maziwa mbele, mafundi wamepakiwa nyuma na mapipa, na mimi. Kuna wengine sijawahi kuwaona. Kila mtu na simu yake mkononi. Vipi, kuna tatizo?"

"Hakuna. Nilitaka kujua tu."

"Umekunywa chai?"

"Nitakunywa," nikamwambia.

Nikarudi kwenye kizuizi kwa sababu ndiyo kazi. Nilisimama mpaka saa tano, nikiingia ndani kila saa kutuma habari na kutoka tena. Saa nne shina zima la mti lilikuja na mto, likagonga daraja kwa kishindo, ardhi ikatikisika miguuni mwangu. Lilipita juu palepale magari yanapopita. Hapakuwa na gari. Hapakuwa na mtu hata wa kumwambia, "Umeona?"

Kwenye blogu nimeangalia mara moja tu, jioni hii. Nimemimina chai iliyobaki, chupa karibu nzima, chini ya ngazi. Vikombe sita nimevirudisha kabatini vikavu.

Kina, saa kumi na mbili jioni: 148. Habari nilizotuma: kumi na mbili. Wasomaji: hakuna. Waliofika kizuizini: hakuna.